Rimu za Rangi ya Haluwa

Twaiba alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita siku aliyolala chali chini ya gari la mtu asiyemjua, mbele ya supamaketi moja ya Diani, asubuhi kweupe, mkononi ana tepu ya kupimia nguo aliyoichukua kwenye cherehani ya mumewe.

"Madam!" Askari wa mlangoni alikuja mbio. "Unatoa nini huko chini?"

"Sitoi kitu, mwanangu. Napima."

"Unapima nini?"

"Tairi."

Askari aliinama akamtazama. Alimwona mama wa makamo, buibui limekunjwa vizuri lisishike vumbi, uso umejaa furaha ya mtu aliyealikwa harusini. Alikuwa amefundishwa la kufanya na wezi wa betri na wezi wa vioo. La kufanya na mama anayepima tairi hakuwa amefundishwa. Basi alichuchumaa, akamshikia ncha ya pili ya tepu.

Mtu aliyemjua Twaiba zamani asingeamini. Yeye ndiye kifungua mimba wa watoto saba, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kushika mambo ya wengine. Ndugu zake walivaa sare za shule kwa jasho lake. Alipika katika hoteli moja ya ufuoni miaka ishirini na minane, akianza na chapati mpaka akawa mkubwa wa jiko la chai ya asubuhi, na hakuna mtu aliyewahi kuona doa kwenye aproni yake. Kwao Kinondo, mtu akisafiri, ufunguo wa nyumba alimwachia Mama Fauzia, kwani ndivyo walivyomwita, kwa jina la bintiye mkubwa. Alikuwa mpole, mwangalifu, hana papara. Hata kucheka alicheka kwa mkono mdomoni.

Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu, nyeupe, ya milango miwili, akaanza biashara ya nazi. Alizipakia Kinondo, akazipeleka Kinango, ambako jua kali halina huruma na minazi. Kurudi alipakia mahindi, kunde, na mbuzi. Mbuzi walikuwa wa Kanze, mwanamke mrefu wa Kinango mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliyekutana naye mnadani. Siku ya kwanza waligombana juu ya nafasi ya kuegesha gari. Siku ya pili wakawa mashoga.

Taabu ilikuwa pikapu yenyewe. Ilikuwa na gia ya kuzungusha magurudumu yote manne, lakini ilikuwa fupi kama bata, na matairi yake yalikuwa membamba yenye vipara. Njia ya kutoka shambani kwake ni mchanga mtupu. Na huko juu, ukishaipita Kinango na lami ikakuacha, ni tope wakati wa mvua na makorongo wakati wa kiangazi. Palikuwa na kijito kimoja kisicho na daraja ambapo Twaiba alikwama mara nyingi hata watu wa pale waliitambua injini yake kwa mlio. Walipoisikia tu, mkulima mmoja aitwaye Kitsao aliwaambia wenzake, "Chukueni majembe, Mama Fauzia huyo anakuja."

Mwezi wa Aprili walikwama pale, tope mpaka mlangoni, Kanze ameketi nyuma kawakumbatia mbuzi wawili. Mara ikaja pikapu nyingine nyuma yao, imesimama juu ya matairi manene, mapana, yenye meno kama ya mamba. Ikaingia kwenye tope. Ikapita. Haikusita wala haikuguna, ilipita kama mtu anavyopita sebuleni kwake. Dereva aliwapungia mkono, akapotea kilimani.

"Kanze," alisema Twaiba polepole, "umeyaona yale?"

"Yepi?"

"Yale matairi!"

"Mimi nimemwona dereva. Ana mwanya mzuri."

"Shoga, sikuulizi habari za dereva!"

Tangu siku hiyo Twaiba hakuweza tena kupita gari bila kulitazama miguuni. Alikwenda matangani Msambweni, akawapa wafiwa mkono wa pole, na njia ya kurudi akamsimulia mumewe kwamba chini ya mwembe palikuwa na gari lenye tairi la inchi thelathini na mbili. Alijifunza kusoma zile nambari za ubavuni mwa tairi kama mtu ajifunzaye alifu na bee. Mumewe, Abubakar, fundi wa kushona kanzu, mtu wa maneno machache, alimsikiliza mwezi mzima. Alichouliza ni kimoja tu: tepu yake imepotelea wapi?

Sasa tepu ilikuwa Diani, na mwenye gari alikuwa anatoka supamaketi na mfuko wa maziwa na mikate. Alikuwa mtu wa bara aliyehamia Ukunda.

"Mum, kuna shida?" aliuliza.

Twaiba alitoka chini, akajipangusa, akajifunga mtandio sawasawa. "Hakuna shida, baba. Nilitaka kukuuliza tu. Haya matairi yako, ukikata kona mpaka mwisho, hayagusi madigadi?"

Yule bwana aliuweka mfuko chini. Inaelekea alikuwa ameisubiri miaka mingi siku ya kuulizwa swali hilo. Alieleza nusu saa nzima, maziwa yakipata moto juani. Alifungua mlango, akakata usukani kulia na kushoto, akamwonyesha springi ndefu alizoziongeza ili gari liinuke, akamwonyesha alipokata chuma. Askari naye aliuliza maswali mawili. Walipoagana, yule bwana alimwambia, "Nenda kwa Fundi Shutu, Ukunda, nyuma ya soko. Huyo hadanganyi mtu."

Siku ya pili Twaiba na Kanze walikuwa kwa Fundi Shutu tangu duka halijafunguliwa.

Shutu alikuwa mzee mfupi, dereva wa malori wa zamani, na ukuta wake wote ulikuwa rimu tupu, kutoka sakafuni hadi darini. Walipoingia, mashoga wawili walinyamaza kama waliofika mbele ya dirisha la sonara. Kisha wakaanza kusema kwa pamoja.

"Zile! Zile zinazong'aa kama sufuria mpya!" Kanze alinyoosha kidole.

"Shikamoo, Fundi," alisema Twaiba, akikumbuka adabu. "Mimi nataka matairi ya thelathini na tatu."

"Marahaba. Karibuni. Unabeba nini, mama?"

"Nazi, mahindi, mbuzi."

"Unapita wapi?"

"Mchanga, tope, na lami pia."

"Lami kiasi gani?"

"Nyingi. Kinondo mpaka Kinango."

"Basi tairi la meno makubwa kabisa halikufai. Kwenye lami litakuvumia masikioni kama mzinga wa nyuki, na litaisha kabla hujalizoea. Chukua la meno ya kadiri. Na ukubwa, thelathini na moja."

"Thelathini na tatu."

"Thelathini na moja, mama. Uliyo nayo sasa ni ishirini na nane."

"Fundi, thelathini na tatu nimelipima kwa mkono wangu."

Shutu hakubishana. Aliweka jeki, akafungua gurudumu la mbele, akatafuta rimu ya kuazima, akafunga tairi la thelathini na tatu. Lilijaa pale chini ya madigadi mpaka pikapu ikafanana na mtoto aliyevaa viatu vya babake. Twaiba alipanda, akawasha, akakata usukani.

Krrrrrr!

Tairi liliuma madigadi, likang'oa mpira wa kuzuia tope, likautupa mbele ya miguu ya Kanze. Kanze alicheka. Alicheka hata akakosa nguvu za kusimama, akarudi nyuma akaketi juu ya rundo la matairi matupu, na kwa kuwa lile rundo lilikuwa na tundu katikati, alizama humo makalio yakitangulia, magoti yakagusana na kidevu, viatu vikaelekea darini.

"Nitoeni!" alipiga kelele, na kicheko kikazidi kumzamisha.

Twaiba alimshika mkono mmoja, Shutu mwingine. Walivuta, wakashindwa, kwa sababu Twaiba naye alikuwa anacheka, na safari hii mkono haukuwa mdomoni. Mwishowe waliliangusha rundo lote ubavu, Kanze akatoka akitambaa.

"Haya," alisema Shutu, akipangusa machozi kwa kitambaa chenye grisi. "Naweza kukata madigadi. Naweza kukuwekea springi ndefu. Lakini gari likiwa juu vile, mbuzi utawapandishaje? Kwa ngazi? Na ukiingia kona na shehena ya nazi..." Aliinua kiganja, akakilaza taratibu upande.

"Thelathini na moja," alisema Twaiba.

"Thelathini na moja."

Zikabaki rimu. Zile za zamani zilikuwa nyembamba. Shutu alisema tairi pana juu ya rimu nyembamba huvimba katikati kama andazi, na Twaiba, aliyekaanga maandazi yasiyo na hesabu, alielewa mara moja. Zile za Kanze za kung'aa zilikuwa na matundu matano ya nati, na pikapu ilitaka sita. Nyingine zilikuwa na matundu sita, lakini zilitokeza nje ya gari kama masikio ya ndovu. Shutu alizikataa hata kuzijaribu: beringi zingelia baada ya miezi miwili, na tope lote lingerukia milangoni.

"Zinazokufaa ni hizi." Aliweka chini rimu nyeusi, ya kawaida, imara. "Na hizi." Akaingia stoo, akatoka na nyingine iliyofunikwa gunia. "Kipimo kimoja, uzito mmoja. Rangi tu. Zimekaa hapa mwaka mzima, hapana azitakaye. Kila mtu ataka nyeusi."

Twaiba aliondoa gunia. Alipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, na chini yake ikatokea rangi ya kahawia iliyoiva, nzito, yenye mng'ao wa mafuta, inayobadilika kidogo ukiinamisha kichwa.

"Haluwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Naam?"

"Ni rangi ya haluwa, Fundi. Ile inayotoka sasa hivi kwenye sufuria."

Kisha akasimama. Kila alichowahi kununua maishani kilikuwa na sababu: mabati kwa kuwa paa lilivuja, dawa kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa, daftari kwa kuwa mwalimu alidai. Hata matairi yalikuwa na sababu. Lakini rangi?

"Nyeusi zitafanya kazi ile ile?" aliuliza.

"Ile ile."

Alizitazama nyeusi. Alizitazama za haluwa. Kanze alimsogelea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anacheka.

"Shoga yangu, miaka ishirini na minane umewapikia watu chai waipendayo wao. Wewe wapenda zipi?"

"Hizi."

"Basi!"

Twaiba alimgeukia Shutu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya msichana. "Nifungie haluwa."

Kazi ilichukua mpaka adhuhuri. Shutu alijaza upepo, akakata usukani mpaka mwisho kila upande, akapenyeza kidole kati ya tairi na madigadi, akaridhika. Kisha akampa maagizo: arudi baada ya siku chache nati zikazwe tena, kwenye mchanga na tope apunguze upepo, akitoka aujaze, na asiiamini sana saa ya mwendo, kwa sababu gurudumu kubwa hula njia zaidi kwa kila mzunguko, kwa hivyo saa ikisema hamsini yeye yuko zaidi ya hapo.

"Kwa hivyo sasa nina kasi kuliko nijuavyo," alisema Twaiba.

"Ndiyo maana nakwambia upunguze mwendo!"

Walitoka Ukunda wakipitia Diani, ingawa Diani haikuwa njia ya lazima siku hiyo. Pikapu ilikuwa imeinuka kidogo tu, upana wa vidole vitatu, lakini Twaiba aliona dunia nyingine. Aliviona vichwa vya watu kutoka juu. Aliwaona mbega wakivuka kwenye ngazi yao ya kamba iliyotundikwa juu ya barabara, akahisi yuko jirani nao. Walipopita hoteli aliyoipikia, aliona juu ya ua wa michongoma maji ya buluu ya bwawa la kuogelea yakimetameta, na wageni wamelala kandokando.

"Kanze! Bwawa linaonekana kutoka barabarani!"

"Kwani hukuwahi kuliona?"

"Jikoni hakuna dirisha la upande huo!" Na hilo nalo liliwachekesha mpaka Twaiba akalazimika kuegesha gari kando, apumue.

Nyumbani Kinondo, Abubakar alitoka na uzi mdomoni. Alilizunguka gari mara tatu, mikono nyuma. Kisha akataka kupanda, lakini kikoi kilimbana, mguu haukufika. Ilibidi Twaiba amletee kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, akikanyage. Kibao kiliyumba, naye akaingia ndani kichwa kikitangulia. Alipoketi sawa, alifunga mlango.

"Mama Fauzia."

"Labeka."

"Tuzunguke kidogo."

Wakazunguka Kinondo nzima, kisha Galu, wakarudi jua likiwa bado juu.

Mtihani wenyewe ulikuja mwezi wa Novemba. Mpwa wake Kanze, Jumwa, alikuwa anaolewa, na harusi ilikuwa kwao, ng'ambo ya kile kijito. Twaiba alipewa kazi aliyopewa katika kila harusi tangu ujana wake, kupika pilau. Mvua ilinyesha Alhamisi kutwa. Jumamosi asubuhi, Twaiba na Abubakar walipofika na sufuria zao, maji ya kijito yalikuwa yameshuka hadi kifundo cha mguu, lakini kingo zote mbili zilikuwa tope tupu. Upande huu wa kijito palikuwa na msiba wa kuchekesha. Basi dogo la kina mama waimbaji kutoka Msambweni lilikuwa limezama mpaka ekseli. Nyuma yake palikuwa na gari la bwana harusi, na bwana harusi mwenyewe, Garama, alisimama kando na suti yake ya samawati, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi, akiitazama ng'ambo kama mtu anayeitazama Pemba.

"Mama Fauzia!" Kitsao alipaza sauti, jembe begani. "Leo tumechoka kabla hujafika!" Kisha akaona magurudumu. Alilizunguka gari, akagonga tairi kwa kisigino. "Lo! Hivi ni vitu gani?"

"Nitangulie, nionyeshe palipo pagumu," alisema Twaiba.

Kitsao aliingia kijitoni na fimbo, akichoma chini hatua kwa hatua, mpaka akapata mstari wa mawe. Twaiba alishuka, akateremsha sufuria ili gari liwe jepesi, akapunguza upepo kwenye matairi yote manne, pssss, moja moja, bila haraka, watu wote wakimtazama. Akapanda. Akaingiza gia ndogo. Mguu wake kwenye mafuta ulikuwa mtulivu kama siku za kukoroga uji wa watu mia mbili.

Pikapu iliingia kwenye tope. Iliteleza kidogo kushoto, Abubakar akasema bismillahi, kisha Twaiba akahisi meno yanashika. Aliyahisi kwenye usukani, kwenye kiti, mpaka kwenye mifupa. Maji, mawe, ukingo wa pili, mwinuko. Wakafika juu pakavu. Kisha kelele zikalipuka pande zote mbili za kijito, vigelegele upande huu, filimbi upande ule, na Kitsao katikati ya maji akirusha fimbo hewani.

"Rudi utuchukue!" walilia waimbaji.

Alirudi. Alirudi mara saba. Alivusha mashangazi wa bwana harusi, wanne wanne. Alivusha ngoma, kreti za soda, kitanda cha zawadi na godoro lake, mbuzi watatu waliovalishwa utepe, na sufuria kubwa, Abubakar akiukalia mfuniko. Waimbaji waliokwisha kuvuka hawakungoja kufika harusini. Walijipanga ukingoni, miguu mitupu kwenye matope, wakaanza wimbo waliouzua pale pale:

*Bwana harusi kakwama, viatu vi mkononi,*
*Mvushe, Mama Fauzia, umfikishe nyumbani!*
*Tairi lenye meno, litafune matope,*
*Tafuna taratibu, harusi tusiikose!*

Garama aliachwa wa mwisho, kwa heshima. Alikataa kuketi mbele, akasema ataingia kwao mkewe amesimama nyuma kama sultani. Twaiba alimwonya. Katikati ya kijito, wimbo ukimwingia kichwani, alijisahau, akakanyaga mafuta zaidi kidogo. Magurudumu yalirusha tope juu kama chemchemi, na yote yakamshukia sultani. Alifika ng'ambo na madoadoa kama kanga wa porini. Twaiba alishuka, mikono kichwani, tayari kuomba radhi, lakini Garama alikuwa anacheka hata meno ya nyuma yanaonekana, na Jumwa, aliyekuwa amekuja kuchungulia ingawa hairuhusiwi, alicheka zaidi yake.

Twaiba alielekea jikoni, kama ada. Kina mama wa Msambweni walimziba njia.

"Pilau itapikwa na wengine," alisema mmoja, akamfunga leso kiunoni. "Wewe utacheza."

Alicheza. Buibui lilikuwa na tope mpaka kiunoni, mtandio umemponyoka, na Abubakar, akikoroga pilau kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliacha ikaungua kidogo kwa kumtazama.

Jumatatu asubuhi simu ya Twaiba ililia. Alikuwa Kanze.

"Una mzigo leo?"

"Sina. Nazi hazijaangushwa. Wewe?"

"Sina hata mbuzi mmoja."



"Umewahi kufika Taru?" aliuliza Kanze.

"Kufanya nini?"

"Sijui. Kunywa chai. Twapita njia ya Samburu, tunatokea barabara kuu, tunanywa, tunarudi."

Twaiba alitazama nje. Abubakar alikuwa cherehani, kanzu magotini, tayari anatabasamu kwa kuwa sauti ya Kanze husikika bila simu.

"Nipe saa mbili, nije nikuchukue," alisema Twaiba.

Kufika saa tano walikuwa wamekwisha kuipita Kinango, vioo vimeshushwa, nyuma hakuna nazi, hakuna mbuzi, hakuna hata gunia. Bodi tupu ilikuwa inagongagonga kwenye kila shimo, nao wawili mbele wakibishana kama chai ya Taru huwekwa tangawizi.